Vizimba sita na kitunguu saumu

Perege akikutana na chakula kichungu hakimbii. Anakiingiza kinywani, anakigeuzageuza, halafu anakitema. Punje inarudi juu ya maji imelowa nusu, inazunguka polepole, mwenzake anaifuata, anaionja, naye anaitema. Asubuhi moja nilisimama ukingoni mwa bwawa nikiifuatilia punje moja kwa macho hadi ikapita vinywa vinne au vitano bila kumezwa. Nikajiambia watazoea. Njaa ikiwabana watakula.

Alfajiri ya siku ya tatu tangu nianze kuwalisha chakula chenye mwarobaini niliwakuta wamejazana juu, midomo imetokeza nje ya maji, wanahema. Wakubwa ndio waliotangulia kufa.

Nitarudi kwenye siku hiyo. Kwanza niseme nilifikaje pale, maana sikuanza na mwarobaini. Nilianza na mlonge, na mlonge ulinipa kiburi.

Mfugaji yeyote wa samaki anajua kwamba zaidi ya nusu ya gharama za kuendesha bwawa huishia kwenye chakula. Kwa hiyo ukisikia kuna majani yanayoweza kumfanya samaki yule yule, kwa chakula kile kile, anenepe zaidi, lazima usogee karibu usikilize. Kwenye mifugo kazi hiyo iliwahi kufanywa na antibiotiki. Mfugaji alikuwa akichanganya kiasi kidogo kila siku kwenye chakula hata kama mnyama haumwi, kwa sababu ilionekana wanakua haraka. Baadaye ikadhihirika kwamba kiasi kidogo cha kila siku ndicho shule nzuri kuliko zote kwa bakteria: wanajifunza kuivumilia dawa, na dawa hiyo hiyo ndiyo inayotegemewa kutibu watu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Kwa samaki tatizo linaongezeka, maana chakula wasichokila na kinyesi chao vyote vinabaki kwenye maji yale yale na tope lile lile. Ndipo watu wengi wakageukia mimea: kitunguu saumu, tangawizi, manjano, habasoda, mdalasini, mlonge, shubiri.

Mimi nilikuwa na bwawa la perege waliodumaa. Miezi minne, na wengi wao walikuwa hawajajaza kiganja. Nikakausha majani ya mlonge, nikasaga, nikachanganya kwenye chakula, nikaongeza kitunguu saumu kilichotwangwa kwa kukisia tu. Miezi miwili baadaye samaki walikuwa wamebadilika, wana miili. Nikawa mtu wa kutoa ushauri. Ukinipigia simu kuhusu mbegu, nakujibu kuhusu mlonge.

Aliyenitoa upepo ni shemeji yangu, naye anafuga, na ana tabia ya kuuliza swali moja kisha kunyamaza.

“Shemeji, wale uliowaacha bila mlonge wamefikia wapi?”

Sikuwa nimeacha hata mmoja bila mlonge. Bwawa lilikuwa moja, chakula kimoja. Na nilipokaa kukumbuka vizuri, nikagundua kwamba katika wiki ile ile niliyoanza mlonge nilifanya mambo mengine mawili. Nilikuwa nimevuta wavu na kutoa vifaranga ndoo kwa ndoo, kwa sababu bwawa lilikuwa na madume na majike pamoja na walikuwa wamezaliana kupita kiasi. Perege hungoji akue ndipo azae. Miezi michache tu anaanza, na bwawa linajaa midomo midogo inayokula chakula cha wakubwa. Jambo la pili, baridi ilikuwa imekwisha. Maji yaliyokuwa nyuzi 22 yalipanda hadi 28. Perege huchangamka zaidi kwenye nyuzi 27 hadi 30, na chini ya 20 hamu ya kula hupungua kabisa. Nafasi, joto, mlonge: kipi kiliwakuza? Hakuna namna ya kujua. Nikikisia leo, nauweka mlonge mwisho.

Na hapo ndipo ningekuwa na akili ningetulia. Badala yake nikasema kama mlonge haukutosha, nitafute mmea wenye nguvu.

Mwarobaini una nguvu, hilo halina ubishi. Mti unaoua wadudu shambani una kemikali za kweli ndani yake, mojawapo azadiraktini, na samaki naye si chuma. Watu husahau kwamba baadhi ya sumu kali za samaki zinazojulikana zinatoka kwenye mimea. Utupa, kwa mfano, una rotenoni, inayozuia chembe hai kutumia oksijeni, na ndiyo maana majani yake yaliyopondwa yakitiwa kwenye maji samaki huelea. Saponini, zilizomo kwenye mimea mingi tunayoiita dawa, huharibu mashavu ya samaki zikizidi kwenye maji. Neno “ya asili” halimkingi mtu yeyote, wala samaki. Mimi hayo sikuyafikiria. Nilichemsha sufuria nzima ya majani mabichi hadi maji yakawa meusi, nikalowesha chakula, nikakianika, nikalisha.

Waliokufa niliwahesabu sitini na tatu. Nilimwita dada mmoja mtaalamu wa samaki, nikimsubiri aniambie nimewapa sumu. Akaja, akainama, akaingiza kipimo cha oksijeni kwenye maji, akasoma, akanionyesha: miligramu 1 na nukta kidogo kwa lita, na jua lilikuwa tayari limeshatoka. Perege ni mvumilivu, lakini ukitaka akue unamhitajia kama 5. Kisha akaokota samaki mmoja aliyekuwa amekufa punde, akampasua kwa mkasi mdogo kutoka tundu la haja kuelekea kichwani. Utumbo ulikuwa mtupu kabisa, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia.

“Kaka, hawa hawakula hiyo dawa yako,” akasema. “Waliitema. Sasa tuambie iko wapi.”

Ilikuwa chini. Siku tatu za chakula zilikuwa zimelala kwenye tope zinaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Mchana mwani hutengeneza nyingine, usiku hautengenezi, nao wenyewe unaitumia, ndiyo maana saa mbaya kuliko zote bwawani ni kabla tu ya mapambazuko. Nilikuwa nimesimama nikizitazama punje zikitemwa na sikujiuliza zinakwenda wapi. Mtu anaweza kubishana kama kulikuwa na sumu kidogo iliyochujika kwenye maji pia. Lakini utumbo ule mtupu nimeukumbuka kuliko hesabu ya vifo.

Nilibadilisha maji robo bwawa, nikaacha kulisha siku mbili, nikawaokoa waliobaki. Halafu nikakaa kimya muda mrefu bila kumshauri mtu.

Yule dada ndiye aliyenielekeza kwenye vizimba. Ni vyandarua vyenye umbo la kisanduku, vinafungwa kwenye nguzo ndani ya bwawa lile lile. Nikatengeneza sita. Kila kimoja nikaweka madume arobaini yenye wastani wa gramu 20. Vitatu vinakula chakula chenye kitunguu saumu, vitatu vinakula bila. Maji mamoja, joto moja, mikono ile ile inayolisha. Na vinapishana: chenye dawa, kisicho na dawa, chenye dawa, maana upande unaopigwa na upepo una hewa nyingi zaidi, na ukiweka vyote vya dawa upande huo umejidanganya tena.

Jambo dogo ambalo nusura nilikose: wale wasiopata dawa lazima chakula chao nacho kiloweshwe, kipakwe mafuta yale yale, kianikwe vile vile. La sivyo, utakuwa unapima mafuta huku unasifia kitunguu.

Hapo nikaingia kwenye kazi ya kuandaa, ambayo kwa kweli ndiyo sehemu ninayoipenda. Watu wengi huishia kwenye swali la mmea gani. Kwangu swali tamu zaidi ni vipi dawa itatoka kwenye jani, ikae kwenye punje, na ifike tumboni.

Kitunguu saumu kizima hakina harufu kali, utagundua hilo ukikishika. Harufu huja ukikiponda, kwa sababu ndani yake kuna kemikali iitwayo alini na kuna kimeng’enya, yaani kichocheo cha kubadilisha kemikali, kiitwacho alinasi, kila kimoja chumba chake. Ukiponda, vinakutana na kutengeneza alisini, ambayo ndiyo inayopigana na bakteria. Ukikitupa kizima kwenye maji yanayochemka, joto linakiua kimeng’enya kabla ya kazi kufanyika. Kwa hiyo ninaponda, naacha dakika kumi, ndipo naendelea. Alisini yenyewe haidumu, inabadilika siku hadi siku, kwa hiyo siandai ya mwezi mzima. Nikitaka unga, nakata vipande vyembamba, nakausha kwa joto la chini, nasaga. Unga mkavu huamka tena ukikutana na unyevunyevu.

Majani yanakaushwa kivulini. Jua kali hupausha rangi na rangi ikiondoka kuna mengine yanaondoka nayo. Lakini kivuli chenye unyevu nacho ni hatari, kwa sababu ya ukungu. Majani yanayonuka uvundo siyaweki kwenye chakula hata kama yamenichosha kuyachuma. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na ndiko sumu ya aflatoksini ilikogunduliwa. Ini la samaki halina subira na sumu hiyo.

Ukitaka kutoa dawa yenyewe kutoka kwenye jani, maji hutoa baadhi na ethanoli hutoa nyingine. Maji ni rahisi ila mchujo wake huchacha, siku mbili tatu tu unaanza kutoa mapovu hata ukiuweka mahali pa baridi. Ethanoli ya asilimia 70 hivi huvuta vizuri jamii ya polifenoli, lakini lazima uiache iruke yote kabla ya kulisha, na uifanyie mbali na moto. Mimi kwa matumizi ya kawaida nimerudi kwenye unga. Unga haunidai maabara.

Kisha kuna suala la maji kuosha dawa. Hili nililiona kwa macho kwa msaada wa manjano. Nilipaka punje unga wa manjano uliokorogwa kwenye maji, nikazikausha, nikadondosha kumi ndani ya glasi ya maji safi, nikakaa mbele yake. Kabla dakika mbili hazijaisha kulikuwa na mawingu ya njano yanashuka kutoka kwenye kila punje. Glasi ya pili niliweka punje zilizopakwa manjano kisha zikafunikwa kwa jelatini iliyoyeyushwa. Hizo zilikaa karibu robo saa ndipo maji yakaanza kubadilika rangi. Tangu siku hiyo sijapaka dawa bila kuifunika, ama kwa jelatini au kwa mafuta kidogo ya kupikia, na nalisha kidogo kidogo ili punje isikae majini ikisubiri mdomo. Nikijumlisha dawa yote niliyowahi kuyanywesha maji kabla ya hapo, najisikia vibaya.

Kipimo cha kitunguu saumu nilichoanza nacho ni gramu 10 za unga kwa kilo moja ya chakula, yaani asilimia 1. Ni kipimo cha katikati ya vile wanavyotumia watafiti wengi kwa perege. Nilishawishika kuweka 30. Shemeji aliuliza swali lake moja: “Ukila chumvi mara tatu unapata ladha mara tatu?” Nikaacha 10.

Jaribio la kwanza liliharibika. Wiki ya tano kizimba namba nne kilichanika pembeni na kikapungukiwa samaki kumi na tisa, ambao walikuwa bwawani wanakula wanachokitaka. Nikaanza upya.

La pili lilikwenda wiki nane zote. Kila baada ya siku kumi na nne nilipima, samaki wakiwa hawajala tangu jana yake, maana tumbo lililojaa ni uzito wa bure. Perege ukimweka kwenye mizani anaruka, anajikwangua magamba, unaishia kupima hasira. Nikajifunza kutumia mafuta ya karafuu, matone machache yaliyokorogwa vizuri kwenye ndoo ya maji. Yuginoli iliyomo huwalewesha, wanalala ubavu kwa utulivu, unapima, unawarudisha kwenye maji safi na baada ya dakika chache wanaogelea. Huo nao ni mmea wa dawa, na katika yote niliyoyataja ndio ambao sijawahi kuutilia shaka kazi yake. Ila ukizidisha matone, usingizi huo hauishi.

Wiki ya nane, vizimba vitatu vya kitunguu vilikuwa na wastani wa gramu 74. Vitatu vya bila kitunguu, gramu 68. Nilifurahi, kisha nikaangalia kizimba kimoja kimoja. Kimoja cha bila kitunguu kilikuwa kimekipita kimoja chenye kitunguu. Kwa hiyo tofauti ipo, lakini ni ya kuitafutia mizani. Kwa macho nisingeiona kamwe, na yeyote anayeniambia ameiona kwa macho siku hizi namwangalia tu. Chakula kilichotumika kupata kilo moja ya samaki kilikuwa kilo 1.5 kwa wenye kitunguu na 1.6 kwa wengine. Ukiwa na bwawa dogo hiyo ni kelele tu. Ukiwa na tani za samaki, ni pesa.

Kilichonishtua kilikuja baada ya jaribio. Niliwahamisha wote kwenda bwawa jingine, nikawaweka pande mbili zilizotengwa kwa wavu, siku ya joto, kwa kushikwashikwa kwingi. Katika wiki iliyofuata upande wa waliokula kitunguu walikufa wawili. Upande wa pili walikufa kumi na mmoja, wengi wakiwa na vidonda vyekundu kwenye mizizi ya mapezi. Hiyo ni mara moja tu na siijengei nyumba, lakini inaendana na yale yanayoripotiwa mara nyingi na wanaolisha samaki kitunguu saumu kisha kuwaambukiza bakteria wa jamii ya Aeromonas: vifo hupungua. Na inaeleza kitu kuhusu ukuaji wenyewe. Samaki ambaye mwili wake haushughuliki na vita vidogo vidogo kila siku, na ambaye kuta za utumbo wake ni nzima na zina vinyweleo virefu vya kufyonza chakula, anabaki na cha kuweka kwenye minofu. Kwenye maji safi na samaki wachache, vita ni vichache, na dawa inakosa kazi. Nadhani ndiyo maana mtu mmoja anaapa kwa kitunguu na jirani yake haoni kitu.

Tangawizi niliijaribu kwa mpango ule ule. Hakuna tofauti. Sikuirudia, labda niliionea.

Mlonge nimeurudisha, ila kwa jina lake halisi: chakula. Jani lake kavu lina protini kama robo ya uzito wake, kwa hiyo linachukua nafasi ya kiasi fulani cha mashudu au unga wa samaki. Lakini lina tanini, saponini na faiteti zinazozuia mwili kutumia hicho hicho kilicholiwa. Yapo majaribio yaliyoonyesha perege anaendelea vizuri mlonge ukichukua nafasi ya takriban asilimia 10 ya protini, na ukipanda juu ya hapo anaanza kudumaa. Nilipokuwa nikiumwaga kwa beseni, yaelekea nilikuwa narudisha nyuma kile ambacho joto na nafasi vilikuwa vinakisukuma mbele.

Mbegu za papai, ambazo watu huzitaja sana kwa kuzuia perege asizaliane, sijazigusa. Nanunua vifaranga madume watupu na kuendelea na maisha.

Sasa hivi kwenye maji kuna vizimba sita vyenye habasoda, gramu 10 kwa kilo, mafuta ya kufunikia sawa kwa vyote. Chakula kiko kwenye ndoo mbili, moja ina utepe mwekundu na nyingine utepe mweupe. Aliyechanganya ni shemeji, peke yake, mlango umefungwa, akaziba na harufu kwa kuzikaanga mbegu chache na kuziacha juu ya meza chumba kizima kinuke. Mimi kazi yangu ni kulisha na kupima. Wiki ya sita imekwisha na wekundu wanaongoza kidogo. Karatasi inayosema wekundu ni nani iko mfukoni mwake, na kila nikimwomba anauliza kama wiki ya nane imeshafika.